Tope la dondora si dawa, na buu mweupe hajarogwa

Mvua zikianza mwezi wa Novemba, nyigu wa udongo, dondora kama wengi wanavyowaita, hubandika viota kwenye kuta na kenchi za nyumba, Tunduma hadi Vwawa. Nami huanza kuletewa maswali yaleyale. Tope la kiota hicho linaongeza damu kwa mjamzito? Linakausha kitovu cha kichanga? Na buu mkavu, mweupe kama chaki, anayekutwa ndani ya mwanzi walimoingia nyuki, ni ishara ya kurogwa?

Nianze na huyo buu, maana kifo chake kinashangaza kuliko uchawi wowote. Unaoua mabuu kwa namna hiyo ni ukungu wa jenasi ya Ascosphaera. Spishi moja hushambulia nyuki wa asali. Nyingine huwaandama nyuki wapweke, wasio na malkia wala mzinga. Kila jike hujitengenezea vyumba vyake, huweka chavua na nekta, hutaga yai, hufunga mlango na kuondoka.

Iliyochunguzwa sana ni Ascosphaera aggregata, adui wa nyuki mkata majani anayefugwa Amerika ya Kaskazini ili achavushe alfalfa. Buu humeza spora pamoja na chavua aliyoachiwa na mama yake. Spora hizo husubiri hadi zifike tumboni, penye hewa ya ukaa nyingi na oksijeni kidogo. Hapo huota, nyuzi zake zikatoboa ukuta wa utumbo na kuujaza mwili mzima. Kisha ukungu huzaa spora mpya chini ya ngozi ya maiti, na ngozi hubaki nzima. Ngozi hiyo nzima ndiyo mtego. Vyumba vya kiota vimefuatana kwa mstari ndani ya tundu moja: mayai ya kwanza, kwa kawaida ya majike, yako nyuma kabisa, na madume wako karibu na mlango. Msimu wa kutoka ukifika, wa nyuma hutafuna ukuta baada ya ukuta, na akikuta ndugu aliyekufa njiani humtafuna naye ili apite. Ngozi hupasuka, spora humwagika, na jike hutoka manyoya yake yamejaa vumbi la ukungu. Kutoka hapo huenda kuchuma chavua na kuwaandalia wanawe chakula chenye spora zilezile. Kwenye mzinga wa asali, vibarua huwatoa maiti nje. Nyuki mpweke hana wa kumfanyia kazi hiyo.

Baadhi ya nyigu wamepata kinga. Philanthus triangulum, anayeishi Ulaya na Afrika, huwadunga nyuki wa asali hadi walemae, kisha huwazika kwenye vyumba vyenye unyevu chini ya mchanga, mahali ambapo ukungu hustawi upesi. Mwaka 2005 mtafiti Martin Kaltenpoth na wenzake walionyesha kwamba jike hufuga bakteria wa jenasi ya Streptomyces kwenye tezi za vipapasio vyake. Huwapaka ndani ya chumba, na buu huwafuma kwenye kifukofuko chake. Mwaka 2010 ilibainika kwamba bakteria hao hutoa mchanganyiko wa kemikali tisa zinazozuia ukungu na vijidudu vingine. Mwaka 2019 likaja jingine: yai lenyewe hutoa gesi ya oksidi ya nitriki inayofukiza chumba na kuua ukungu kabla buu hajaanguliwa.

Matapeli huingilia hapa. Kwamba nyigu ana dawa, basi kiota chake ni dawa! Dondora wa ukutani kwako ni mdudu mwingine kabisa, na dawa ya yule wa mchangani iko kwenye kifukofuko, si kwenye tope. Halafu kemikali nane kati ya zile tisa ni za jamii ya piericidin, ambazo huzuia hatua ya kwanza ya upumuaji ndani ya mitokondria. Mitokondria za binadamu zina hatua hiyohiyo. Anayemuuzia mama mjamzito tope kwa hoja hii anamwibia pesa na kuichezea mimba yake.

Udongo ukiliwa unaweza kushika madini ya chuma tumboni na kuuzidisha upungufu wa damu. Nenda kliniki upewe vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Udongo wowote unaweza kuwa na spora za pepopunda, na pepopunda inaua vichanga. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Wala dondora hageuzi buibui kuwa mtoto wake, hadithi ambayo bado naisikia. Hutaga yai juu ya buibui aliyelemazwa, na buu humla. Ukibomoa kiota mapema utaona buibui tu.

Wakulima wa kahawa wa Mbozi mnaowawekea nyuki wapweke mianzi, msipoteze fedha kuinyunyizia dawa ya ukungu. Nyuki wazima wakishatoka, chomeni mianzi mikuukuu na mweke mipya. Na kahawa ikiwa kwenye maua, wekeni bomba la viuatilifu chini: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Kilimanjaro ulikuta kwamba uchavushaji uliongeza uzito wa tunda la kahawa kwa takriban asilimia 7.