Kwa Nini Matango ya Nyumbani Huharibika

Watu wengi, wa mjini na wa mashambani, wana mashina machache ya matango nyuma ya nyumba. Mimea hustawi, hutambaa, hutoa maua tele. Kisha maua huanguka, au matango hutoka yamepinda, machungu, au yamejaa funza. Hapo mwenye bustani huilaumu mbegu, na pengine huing'oa mitango yote. Mara nyingi mbegu haina hatia.

Yafaa kufahamu kwanza ya kwamba mtango hutoa maua ya namna mbili. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba. Ua jike lina tango dogo sana nyuma yake. Kwa kawaida maua madume hutangulia, nayo huanguka bila kuzaa kitu. Huo si ugonjwa. Lakini ua jike likifunguka asubuhi lina siku hiyo moja tu ya kupata unga wa ua dume, na mchukuzi wa unga huo ni nyuki. Asipopita, tango changa hunyauka, isipokuwa kwa mbegu chache za kisasa zizaazo bila nyuki. Na unga ukiwa haba, tango hupinda, likawa nene upande mmoja na jembamba upande wa pili. Kwa hiyo mtu anyunyizaye dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi, anayaharibu mazao yake mwenyewe. Palipo na nyuki wachache, chuma ua dume lililofunguka asubuhi ile ile, ondoa majani yake ya manjano, kisha ulipake polepole katikati ya ua jike.

Uchungu hautokani na maboga yaliyopandwa jirani, ingawa wengi husema hivyo. Boga na tango havizalishani. Huletwa zaidi na kiu. Mizizi ya mtango haiendi chini sana, na udongo ukikauka kwa jua kali, mmea hutia katika tunda uchungu ambao kwa desturi hukaa katika majani na shina. Mwagilia shinani kabla udongo haujakauka, maji yazame kiasi cha inchi 6, na utandaze nyasi kavu. Tango lenye uchungu kidogo likatwe upande wa kikonyo na kumenywa. Lililo chungu sana litupwe, kwani kulipika hakusaidii, nalo laweza kuumiza tumbo.

Adui mbaya kuliko wote ni nzi wa matunda. Hutoboa tango likiwa changa na kutaga mayai ndani. Funza hula nyama yake, tunda huoza, nao hujizika udongoni ili watoke nzi wapya. Kulitupa tango bovu pembeni mwa bustani ni kuwafuga. Lizike futi 2 chini. Ua likisha kunyauka na tango kuanza kunenepa, livike mfuko wa karatasi. Gazeti hili likishasomwa litafaa kabisa, ila libadilishwe likilowa mvua.

Matango yaliyolala chini huoza upesi, basi isimamishie mitango fito. Chuma kila baada ya siku moja au mbili, matango yakiwa bado kijani na magumu. Likiachwa moja mpaka liwe manjano, mtango hupunguza kuzaa. Ukitaka mbegu za kienyeji za msimu ujao, liache hilo moja mwishoni, katika shina lisilotoa matango machungu.