Unaongeza vyumba uani? Anza na hesabu ya paa

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wengi wakishauza mazao huwaza jambo moja: kuongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba, ama vya kupangisha, ama vya watoto waliokua pamoja na stoo. Ni uwekezaji mzuri, kwani kiwanja unacho na ukuta mmoja umeshasimama. Hata hivyo, kazi hiyo ikifanywa kwa pupa huweza kuiharibu hata nyumba ya awali.

Paa kwanza

Tuchukue mfano wa vyumba viwili vyenye urefu wa mita 6 kwa jumla na upana wa mita 3.5, vinavyoegemea ukuta wa nyuma. Bati jipya likianzia chini ya bati la zamani, kwenye kimo cha mita 2.7, mteremko wa nyuzi 10 utalishusha kwa takriban sentimeta 60. Ukuta wa mwisho utabaki na mita 2.1, yaani kimo cha mlango wenyewe, bila nafasi ya lenta. Ukipunguza mteremko, maji yatapenya kwenye maungio ya mabati.

Dawa ni kuweka milango ubavuni, karibu na nyumba kubwa ambako ukuta uko juu, au kupunguza upana wa vyumba. Usishushe sakafu chini ya usawa wa uwanja. Mvua ya kwanza itaingia ndani.

Msingi na nyufa

Nyumba ya zamani imeshatulia ardhini, lakini mpya bado itashuka kidogo. Ndiyo maana nyufa hutokea pale zinapokutana. Chimba kishimo kando ya ukuta wa zamani uone msingi wake umefika wapi, kisha ulinganishe. Usipite kina hicho kando ya ukuta huo, maana utaondoa udongo unaoubeba. Udongo ukiwa bado laini hapo, tafuta mtaalamu kabla ya kuendelea. Wala usijenge juu ya shimo la choo lililofukiwa.

Kumbuka pia madirisha ya nyuma yatakayozibwa. Yatafutie nafasi ubavuni, la sivyo vyumba vya ndani vitakosa hewa na mwanga.

Matofali mangapi?

Kwa mfano wetu, kuta tatu mpya na ule wa kati zina takriban mita za mraba 38. Ukitoa milango miwili na madirisha mawili zinabaki 32. Tofali la inchi 18 kwa 9 huhitaji 10 kwa kila mita ya mraba, hivyo unahitaji 320. Ongeza 20 ya kuvunjika. Ya msingi yahesabu peke yake. Hesabu hii ukiwa nayo mkononi, fundi hatakutajia idadi ya kubuni.

Mkopo usikumeze

Tuseme kazi nzima itagharimu Sh6 milioni na kila chumba kitapangishwa kwa Sh60,000 kwa mwezi. Utapata Sh120,000, na fedha yako itarudi baada ya miezi 50 bila chumba kukaa wazi. Ukikopa fedha hizo kwa miezi 24, rejesho ni Sh250,000 kwa mwezi kabla ya riba. Kodi haifikishi hata nusu. Pengo litatoka shambani au dukani. Mavuno yakikosekana, nyumba iliyowekwa dhamana ndiyo itakayokuwa hatarini.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume au mke kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kaeni pamoja mpige hesabu hizo kabla ya kwenda benki.

Mwisho, kwa walio mijini, chukua kibali cha ujenzi halmashauri kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Kama fedha ni kidogo, jenga chumba kimoja msimu huu, cha pili msimu ujao. Haba na haba hujaza kibaba.