Chaneli ya Anime Huuza Nini?

Chaneli mpya ya anime ikitangazwa, swali la kwanza la mashabiki ni lile lile popote walipo: iko kwenye kifurushi gani? La pili hufuata kabla la kwanza halijajibiwa: tutasikia sauti za Kijapani na kusoma maandishi, au wameingiza Kiingereza? Halafu huja maombi. Huyu anataka One Piece ianze sehemu ya kwanza, yule anataka zile za zamani zisizopatikana tena, na wa tatu anaapa kwamba baada ya miezi miwili yatakuwa marudio matupu. Nimeyasikia mazungumzo hayo kwa miaka mingi, na nimeyashiriki kwa moyo wangu wote. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni la kibiashara: chaneli hiyo inauza nini?

Jibu limeanzia mbali. Tarehe 1 Januari 1963, kituo cha Fuji TV cha Tokyo kilianza kuonyesha Tetsuwan Atom ya Osamu Tezuka, ambayo Wamarekani waliijua kwa jina la Astro Boy. Tezuka alikiuzia kituo kila sehemu kwa bei iliyokuwa chini ya gharama ya kuichora, akitegemea kufidia pengo kwa kuuza haki za kumtumia mhusika wake. Mdhamini alikuwa kampuni ya Meiji, na chokoleti zake zikatoka na vibandiko vya Atom. Mtoto alitazama kipindi, akamwomba mama chokoleti, akabandua kibandiko. Studio ya Tezuka, Mushi Production, ilifilisika mwaka 1973, lakini mtindo huo haukufa nayo. Kilichoonyeshwa kwenye kioo kilikuwa kivutio, na mauzo yalikuwa dukani.

Leo anime nyingi za Japani hugharimiwa na kamati ya utayarishaji, yaani kampuni kadhaa zinazochanga mtaji pamoja: mchapishaji wa manga iliyozaa hadithi, kampuni ya muziki, ya midoli, ya diski, wakati mwingine na kituo cha televisheni. Kila mmoja hujitengea haki za eneo lake. Kwa anime za usiku wa manane, kamati ndiyo hukilipa kituo ili kipindi kipate muda hewani, kama mhubiri wa kwetu anavyonunua nusu saa ya redio Jumapili asubuhi. Studio yenyewe, ile inayochora, mara nyingi haina hisa kwenye kamati au ina hisa ndogo tu. Hulipwa ujira wa kazi, na kazi ikiisha hesabu imeisha.

Ukishaijua kamati, chaneli zenyewe hazikupi tabu kuzielewa. AT-X ilianzishwa Desemba 1997 chini ya TV Tokyo. Mteja hulipa karibu yen 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya chaneli hiyo moja, na wako wanaolipa kwa sababu huko hukuta kazi ambazo vituo vya kawaida huzikatakata. Mei 1998 ikafuata Animax, ya Sony pamoja na Toei Animation, Sunrise, TMS na wenzao. Wote hao walikuwa na maghala ya filamu zilizokwisha kuonyeshwa, na Animax ikawa dirisha la maghala hayo.

Kisa kinachonigusa zaidi kilitokea Marekani, katika jiji la Houston. Kampuni ya ADV Films, iliyoanza mwaka 1992, iliuza kanda na baadaye DVD za anime, na ndiyo iliyokuwa na haki za Neon Genesis Evangelion. Diski moja ya miaka ile iliuzwa takriban dola 30 na kubeba sehemu tatu hadi tano. Aliyetaka hadithi nzima ya sehemu 26 alirudi dukani mara nyingi. Mwaka 2002 ADV ikaanzisha Anime Network, kwanza kwa njia ya kuagiza kipindi kupitia kebo, kisha ikaja kuwa chaneli ya saa 24. Ukiwa na haki tayari, na sauti za Kiingereza umekwisha kuzirekodi kwa ajili ya diski, chaneli ni tangazo lisiloisha la bidhaa yako mwenyewe.

Mashabiki waliipokea kwa furaha yenye uchungu ndani yake, kwa kuwa wengi hawakuwa na njia ya kuiona. Mtaa wa Marekani wakati huo kwa kawaida ulihudumiwa na kampuni moja ya kebo, nayo isipoichukua chaneli, umekosa. Wakahimizana kupiga simu na kuandika barua kuiomba kampuni ya kebo iilete. Hebu fikiria: mteja anaomba aruhusiwe kulipa! Lakini mwenye kebo alikuwa na hesabu zake, na katika hesabu zile shabiki mwenye mapenzi makubwa huhesabika mtu mmoja, sawa na jirani yake asiyejali.

Kisha duka likaanguka, na dirisha likaanguka nalo. Januari 2006 Musicland, mwenye msururu wa maduka yaliyouza anime nyingi sana nchini humo, alitangaza kufilisika. Mwaka 2007 Geneon, kampuni nyingine ya kuuza anime, ikafunga biashara yake ya Marekani. Mwanzoni mwa 2008 matangazo ya saa 24 ya Anime Network yakakatika, ikabaki huduma ya kuagiza. Septemba mwaka huo huo Toonami, kipindi cha Cartoon Network kilichowaingiza vijana wengi kwenye Dragon Ball Z, kikaondolewa hewani. Kilirudi mwaka 2012. Mwaka 2009 ADV ikauza mali zake. Lawama zikawaangukia mashabiki waliopakua anime mtandaoni bila kulipa. Zina ukweli, wala sitawatetea kwa hilo. Ila kampuni nazo zilishindania haki kwa bei za juu mno, kisha zikamwambia mtazamaji asubiri mwaka au miwili kuona kitu ambacho Tokyo wamekwisha kukisahau.

Hapo nirudi kwa yule shabiki anayelalamikia marudio, maana lalamiko lake ndilo la kawaida kuliko yote. Sehemu moja hujaza nusu saa pamoja na matangazo. Siku ina nusu saa 48. Mfululizo wa siku hizi una sehemu 12 au 13, kwa hiyo chaneli isiyorudia chochote ingemaliza mifululizo minne kila siku ya Mungu. Naruto ya kwanza, yenye sehemu 220, ingekwisha kabla siku ya tano haijakamilika. Kwa mwaka mzima zinahitajika sehemu 17,520, ambazo ni sawa na mifululizo 1,460 ya sehemu 12, wakati Japani yote huonyesha takriban mifululizo 300 ya televisheni kwa mwaka, ukijumlisha na ile inayoendelea kutoka nyuma. Hata mwenye kununua kila kitu kinachochorwa nchini humo angelazimika kurudia. Basi marudio yapo tu. Linalofaa kubishaniwa ni kinachorudiwa, na hilo huamuliwa na mwenye haki.

Barani Afrika tuliionja. Mwaka 2007 Sony iliileta Animax kupitia king'amuzi cha DStv, na kwa mara ya kwanza tulipata chaneli ambayo ukiiwasha saa yoyote unakuta anime. Nyumbani kwetu hakukuwa na king'amuzi hicho. Tulikwenda kwa jirani, tukakaa sakafuni, na yeye mwenyewe akiingia tukampisha aangalie taarifa ya habari. Mwaka 2010 ikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Sony MAX. Amerika Kusini nako Animax ikageuzwa kuwa Sony Spin mwaka uliofuata. Kwangu mimi sababu haina fumbo. Huku hakukuwa na duka la diski nyuma ya dirisha, wala midoli rasmi, wala manga kwenye rafu. Chaneli ilibaki kutegemea mgao wa king'amuzi na matangazo tu, na kwenye uwanja huo filamu za mapigano zina watazamaji wengi zaidi.

Waswahili wa Oman walikuwa na bahati nyingine. Spacetoon, iliyoanza mwaka 2000, iliwaletea watoto wa Kiarabu anime bila malipo ya mwezi, kwa sauti zilizorekodiwa Damascus na nyimbo zilizotungwa upya kwa Kiarabu. Yalikatwa mengi ili kipindi kifae sebuleni, lakini mtoto aliisikia hadithi kwa lugha ya nyumbani au ya shule, na kwangu hilo lina uzito kuliko ubishi wote wa mashabiki kuhusu maandishi na sauti. Azam TV ya hapa Tanzania imeonyesha kwamba tamthilia za Kituruki zikiingizwa Kiswahili zinapata watazamaji wa kutosha kulipia kazi hiyo. Natamani sana mtu aijaribu hesabu ile ile kwenye anime.

Animax ilipoondoka, hamu haikuondoka. Vijana walirudi kwa muuza muvi wa mtaani, mwenye kompyuta moja, diski ngumu mbili na feni inayolia. Nimesimama mara nyingi kwenye vibanda hivyo hapa Dar es Salaam. Folda ya anime imo ndani ya folda ya katuni, na muuzaji anajua kwa kichwa Naruto inaishia wapi kabla Shippuden haijaanza. Atakuuliza flash yako ina nafasi kiasi gani, kisha atakushauri kwamba kuanzia sehemu ya 136 uruke nyingi, kwa sababu hazimo kwenye manga. Studio ilizibuni ili kituo kisikose kipindi wakati mwandishi hajafika mbali. Yule kijana ameielewa biashara ya televisheni ya Japani kuliko wengi wanaoiandikia. Ila pesa anayoipokea haifiki Tokyo, wala si yeye aliyeikata njia hiyo.

Mtandao ulianza vivyo hivyo. Crunchyroll ilianzishwa California mwaka 2006, mahali pa mashabiki kupandisha anime bila idhini ya mtu. Mwaka 2009 ikafungua ukurasa mpya kwa makubaliano na TV Tokyo ya kuonyesha Naruto Shippuden kihalali. Sony, ambayo mwaka 2017 ilitoa dola milioni 143 kununua asilimia 95 ya hisa za Funimation, kampuni ya anime ya Marekani, ilimalizia kazi Agosti 2021 kwa kuinunua Crunchyroll kwa dola bilioni 1.175. Kampuni zilizokuwa zikishindania haki zikawa chini ya paa moja, na kufikia 2024 Crunchyroll ilikuwa na wanachama wa kulipia zaidi ya milioni 15.

Sasa tazama kilichofuata. Oktoba 2023 ikafunguliwa Crunchyroll Channel nchini Marekani, chaneli ya bure yenye matangazo, ndani ya televisheni za intaneti kupitia Roku, LG, Vizio na Amazon Freevee. Mwaka uliofuata, huko Japani, Sony ikaiuza Animax kwa Nojima, kampuni yenye maduka ya vifaa vya umeme. Kampuni moja, ndani ya miezi michache, imefungua chaneli ya anime upande mmoja wa dunia na kuiuza nyingine upande wa pili. Hakuna mgongano wowote. Kinachouzwa leo ni malipo ya mwezi, na chaneli ya bure humwonjesha mpita njia. Anayetaka kilichotoka Tokyo wiki hii hatakikuta pale. Itabidi ajiunge na alipe. Mashabiki waliofurahia neno "bure" wana haki ya kufurahi, ila wajue wameingia kwenye baraza la duka.

Pesa zipo, tena nyingi. Kwa takwimu za chama cha kampuni za anime za Japani, soko lote la mwaka 2023 lilifikia takriban yen trilioni 3.3, na zaidi ya nusu ilitoka nje ya nchi hiyo. Mara ya kwanza kwa nje kuipita ndani ilikuwa mwaka 2020. Sisi watazamaji wa mbali, tuliokuwa tukihesabiwa kama makombo, sasa ndio mlo wenyewe. Na bado mchoraji wa michoro ya kati, ile inayounganisha mwendo mmoja na mwingine, kwa miaka mingi amelipwa kiasi cha yen 200 kwa mchoro. Akimaliza 20 kwa siku, ambayo ni kazi ya kuumiza shingo, amepata yen 4,000. Ziko studio zilizokataa utaratibu huo. Kyoto Animation inajulikana kwa kuwaajiri wachoraji wake kwa mshahara. Zingine nyingi hungoja kamati.

Kwa hiyo lipo lalamiko moja la mashabiki ambalo zamani nililiona la kitoto, na sasa naliunga mkono bila kusita: kukatwa kwa wimbo wa mwisho. Wimbo huo huchukua sekunde 90. Chaneli huupunguza au kuubana kwenye kona ili tangazo lipate nafasi, na huduma za mtandaoni huweka kitufe cha kuruka. Kwenye sekunde hizo, kwa herufi ndogo nyeupe zinazopanda juu ya kioo, ndipo yanapopita majina ya waliochora michoro ya kati.