Moteri Imetengenezwa, Mbona Inakunywa Esanse Kupita Zamani?

Kwa makundi yetu mengi boti ni shamba la pili. Ndiyo inayoleta mananasi na maharagwe ya Idjwi hapa Bukavu, kisha inarudi na sabuni, chumvi na unga. Boti ikikosa faida, sisi walimu tunaona matokeo darasani: mtoto wa sekondari anarudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali.

Kuna shida moja inayoleta ugomvi katika makundi. Wanachama wamechanga pesa, fundi amefungua moteri yote na kuweka pistoni na segmenti mpya, lakini ikirudi majini inamaliza esanse haraka kuliko zamani. Wengine wanamlaumu fundi. Wengine wanasema nahodha anauza esanse njiani. Kundi linagawanyika kabla mtu hajapima chochote. Tuanze basi na kupima.

Daftari kwanza

Kwa kila safari andikeni mambo manne: lita zilizowekwa, lita zilizobaki, saa za mwendo, na mzigo. Pimeni kwa bidoni yenye alama, si kwa macho. Tuseme zamani kwenda na kurudi kulimaliza lita 30, na sasa ni 42. Zimezidi lita 12. Kwa safari tatu kwa juma, hizo ni lita 144 kwa mwezi, zaidi ya bidoni 7 za lita 20.

Daftari linasema pia ugonjwa uko wapi. Lita zikizidi kwa kiasi kilekile kila safari, chunguzeni moteri na boti. Zikirukaruka huku mzigo, saa na hali ya ziwa ni zilezile, hapo ndipo mumuulize nahodha, kwa heshima, daftari likiwa mkononi.

Jueni pia kiasi cha kawaida. Moteri ya nguvu za farasi 40, ya aina inayochanganyiwa esanse na mafuta ya moteri, ikiendeshwa kwa nguvu zote inakula karibu lita 16 hadi 20 kwa saa. Tena, saa kama 10 za kwanza baada ya matengenezo ni za kuizoesha: mafuta yanazidishwa katika mchanganyiko, mara nyingi lita 1 kwa esanse lita 25, kisha inarudi lita 1 kwa 50, kadiri kitabu cha moteri kinavyosema. Moshi wa siku hizo usiwatishe. Hukumu ingoje.

Anzeni na kisicho na gharama

Kagueni njia ya esanse. Minyeni lile pira la kupampu mpaka liwe gumu. Likibaki laini, huenda mpira umepasuka, sindano ya kabureta haifungi, au ngozi ya pampu imetoboka na esanse inaingia ndani ya moteri bila kipimo. Nuseni na mtazame mchana. Msitumie kamwe kiberiti au mshumaa kutafuta mahali panapovuja.

Tazameni elisi, lile panga linalosukuma maji. Likiwa limepinda au limemegeka, moteri inalia sana na boti haiendi. Vueni pia boti, msugue majani ya chini na kuziba mahali maji yanapoingia. Maji ndani ya boti ni mzigo usiolipa nauli.

Kisha mwambieni fundi atoe bujia mbele yenu. Ikiwa na rangi ya kahawia, uchomaji ni mzuri. Ikiwa nyeusi na imelowa, esanse inazidi au moto wa bujia ni dhaifu. Ikiwa nyeupe, esanse ni kidogo mno, na pistoni iko hatarini kuungua.

Ziwa letu liko juu

Hapa kuna jambo linalosahauliwa sana. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko ya pwani. Kabureta nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepimwa kwa hewa ya pwani. Fundi akiweka jigleri mpya za kawaida, yaani vile vitobo vidogo vya shaba vinavyopima esanse, moteri inapata esanse nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma. Matokeo ni moshi mweusi, nguvu kidogo na bidoni tupu. Dawa ni jigleri ndogo kidogo, hatua kwa hatua, huku bujia ikitazamwa kila mara.

Muulizeni fundi maswali matatu: Jigleri ni za namba gani? Termostati umeirudisha? Moto wa bujia umeupima uwake kwa wakati wake? Termostati ikikosekana moteri inabaki baridi, na moteri baridi haichomi esanse vizuri.

Mambo mawili ya kukataa

Msipunguze mafuta ya moteri ili kuokoa pesa. Moteri itakauka na kujifunga, na gharama itaanza upya.

Wala msijaze boti ili kufidia esanse. Mzigo ukizidi, esanse nayo inazidi, na roho za watu ziko hatarini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Hakuna faida inayorudisha mtu.

Katika mkutano wenu ujao, chagueni mama mmoja wa kushika daftari na mwingine wa kulihakiki. Baada ya safari sita, someni hesabu mbele ya wote, nahodha na fundi wakiwepo. Hapo ndipo muamue nani alipwe na nini kibadilishwe.