Kiberiti Mkononi mwa Aliyedhulumiwa

Misiba ya Ituri, mashariki mwa Kongo, imekwisha kufikishwa mbele ya mahakimu wa The Hague, ambako Thomas Lubanga alihukumiwa mwaka 2012 kifungo cha miaka 14 kwa kuwaingiza vitani watoto wasiotimiza miaka 15, na Germain Katanga mwaka 2014 akapewa miaka 12 kwa yaliyotendeka Bogoro tarehe 24 Februari 2003. Walakini hukumu hizo, pamoja na insafu yake, ziliwahusu makamanda. Na kwa wakazi wa Rwambuzi, na wa mitaa mingine ya Bunia inayokumbuka vita vya Mei 2003, limebaki swali lisilokatwa na hakimu yeyote: mtu aliyeuliwa jamaa zake, akiletewa muuaji, au anayedhaniwa kuwa ndiye, naye yu mikononi mwake hana pa kukimbilia, afanyeje?

Sijaona linakoulizwa swali hilo kwa ukali kuliko katika Petit Pays, riwaya ya Gaël Faye iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 2016. Gabriel, mtoto wa Bujumbura, ambaye baba yake ni Mfaransa na mama yake Mtutsi aliyekimbia Rwanda, anamwona mama huyo akirejea kutoka kwao baada ya mauaji ya kimbari amerukwa na akili, kwa kuwa watoto wa jamaa zake aliowaendea amewakuta maiti. Kisha vijana wanamkamata mtu, wanamtuhumu kwamba amemwua baba wa rafiki yao, wanamtia katika teksi, wanaimwagia petroli, na kiberiti wanamkabidhi Gabriel ili adhihirishe yu upande gani. Anakitupa, na teksi inawaka.

Faye hamtetei wala hamlaani. Anatuweka ndani ya kifua cha mtoto mwenye haki ya kulia, tukashuhudia msiba wake ukigeuzwa na wengine kuwa idhini ya kuua, na tuhuma ikitosha mahali pa ushahidi.

Vijana wangapi wa Ituri, tangu mauaji yalipozuka tena Djugu mwishoni mwa 2017, wameambiwa maneno hayo hayo: ndugu zako wameuawa, shika silaha? Na baada ya wakimbizi kuuawa usiku katika kambi ya Plaine Savo, Februari 2022, nani athubutu kuwaambia kuwa ghadhabu yao haina sababu? Sababu inayo, lakini aliye ndani ya teksi naye ana mama.

Basi enyi waandishi na walimu wa Bunia, kadhia hii iandikeni ninyi, kwa Kiswahili kinachosemwa sokoni na nyumbani kwenu, kabla vijana hawa hawajakabidhiwa kiberiti.