Kijiko Kipi, Saa Kumi Ipi? Lugha na Usalama wa Dawa katika Vituo vya Malezi

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Katika kituo cha malezi ya watoto, methali hii ina uzito wa pekee, kwani dawa hutoka mkononi mwa mzazi hadi mkononi mwa mlezi ikiandamana na maneno machache tu. Maneno hayo yakiwa na utata, anayeumia ni mtoto asiyeweza kujitetea.

Tuanze na neno kijiko. Mama anayewahi kazini humwacha mwanawe kituoni alfajiri na kumwambia mlezi, "Mpe kijiko kimoja." Kijiko cha chai cha kupimia dawa hubeba mililita 5, ilhali cha mezani hubeba mililita 15. Vijiko vya jikoni navyo havilingani. Fauka ya hayo, chupa zenyewe hutofautiana. Kuna dawa ya maji ya parasetamoli yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na nyingine yenye miligramu 250 katika ujazo uo huo. Kwa kawaida mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzani wake. Hivyo basi, mtoto wa kilo 10 huhitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Kijiko cha chai cha dawa ya kwanza kinamfaa. Cha ile ya pili kimepita kiasi. Parasetamoli ikizidi mno, hudhuru ini.

Utata wa pili ni wa saa. Mswahili huhesabu saa za mchana tangu macheo, ilhali simu huhesabu tangu usiku wa manane. Chukulia kwamba mama amempa mtoto parasetamoli saa moja asubuhi, kisha akamwandikia mlezi: "Saa 10." Anakusudia saa kumi alasiri. Mlezi anatazama simu, anaona 10:00, naye anatoa dawa saa nne asubuhi. Zimepita saa 3 pekee, ilhali dawa hiyo haifai kurudiwa kabla ya saa 4 kupita, wala kuzidi mara 4 katika saa 24. Alasiri, mlezi mwingine akiisoma karatasi iyo hiyo, atampa mtoto tena.

Je, mlezi afanyeje? Kwanza, asipokee dawa isiyokuwa katika chupa au pakiti yake asilia, yenye jina la mtoto na ambayo muda wake haujaisha. Pili, mzazi aandike idhini, kipimo kwa mililita, na saa pamoja na kipindi cha siku: "saa kumi alasiri", si "saa 10". Aeleze pia dozi ya mwisho ilitolewa saa ngapi nyumbani. Tatu, dawa ipimwe kwa kikombe au bomba lililoandamana nayo. Nne, kabla ya kuitoa, mlezi ahakikishe mambo matano: mtoto ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo na wakati ndio. Tano, aandike daftarini papo hapo na kutia sahihi, ili mwenzake asirudie.

Dawa zihifadhiwe kabatini penye kufuli, wala zisiitwe peremende ili kumbembeleza mtoto. Mtoto akitapika, asipewe dozi nyingine kabla ya mhudumu wa afya kuulizwa. Akivimba uso au akipumua kwa shida, akimbizwe hospitalini pamoja na chupa ya dawa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuuchambua utata wa maana darasani na katika mitihani. Tukikitembelea kituo kimoja mtaani na kuwasaidia walezi kuandaa fomu ya dawa kwa Kiswahili kisicho na mashaka, taaluma yetu itakuwa imemkinga mtoto. Ulimi usijikwae pale ambapo uhai wa mtoto unautegemea.