Tamthilia zimeongezeka, waigizaji bado hawafundishwi kamera

Tangu soko la DVD la Kariakoo liporomoke, fedha nyingi za Bongo Movie zimehamia kwenye tamthilia za chaneli za kulipia na kwenye YouTube, na kazi ya mwigizaji imebadilika nazo. Filamu ya zamani ilirekodiwa kwa siku chache na kuuzwa kwa sura iliyochapwa kwenye kava. Tamthilia inamtaka mtu akae na mhusika mmoja kwa miezi, leo arekodi tukio la sehemu ya 20 na kesho la sehemu ya 3, hasira na uchovu vikilingana na hadithi ilipofika. Ufundi huo unaweza kufundishwa, lakini kwa kuwa haufundishwi vya kutosha, gharama yake inaishia kwenye seti.

Mtayarishaji mmoja wa jijini Dar es Salaam, aliyeomba jina lake lisiandikwe, analalamika kwamba kinachomuumiza kuliko kukodi kamera na taa ni kurudiarudia. Mwigizaji amesahau glasi aliishika kwa mkono gani, hivyo picha ya mbali na ya karibu hazioani. Mwingine anasimama nje ya alama na fokasi inapotea. Wa tatu anapaza sauti ilhali maikrofoni iko kifuani pake. Kila teki ya ziada inalipiwa: mafuta ya jenereta, chakula cha kikosi, nyumba iliyokodiwa kwa siku. Jua likizama, anasema, hulazimika kufuta matukio kwenye skripti, na mtazamaji anaona hadithi imeruka. Malalamiko haya ni ya upande mmoja, kwani waigizaji nao husema skripti huwafikia asubuhi ya kurekodi na siku ya mazoezi haina malipo. Hata hivyo pande zote mbili zinaeleza jambo moja: ufundi wa uigizaji haujatengewa fedha.

Ofisa mmoja wa sekta ya sanaa hujibu hoja hii kwa idadi ya vijana waliopewa vyeti vya semina. Idadi hiyo inahesabu waliohudhuria. Haisemi wangapi walisimama mbele ya kamera, wala kama walijitazama pamoja na mwalimu na kurekebishwa. Ukumbi uliojaa watu kwa siku mbili hauwezi kumfundisha mtu kumsikiliza mwenzake kwa kweli, kutuliza macho katika picha ya karibu, au kulitoa chozi lilelile katika teki ya sita. Mafunzo marefu ya chuo cha sanaa cha Bagamoyo na ya vyuo vikuu yamejenga misingi mizito ya jukwaa, na hiyo ni hazina. Lakini jukwaani mwigizaji humfikia aliyekaa kiti cha mwisho, wakati kamera hunasa hata kope ikitikisika. Kutoka jukwaani kwenda mbele ya kamera kunahitaji saa nyingi za kurekodiwa na kujitazama, na kwa zoezi hilo simu ya kawaida inatosha.

Wapo wanaoshikilia kwamba kipaji hakifundishwi, na kwamba nyota wa mwanzo walitoka mtaani. Lakini wengi wao walipitia vikundi vya maigizo vilivyorusha michezo kwenye televisheni kila wiki, vikifanya mazoezi pamoja kabla ya kurekodi. Kikundi ndicho kilikuwa shule yao. Hoja nzito zaidi ni ya soko: mwenye wafuasi wengi mitandaoni huleta watazamaji. Huwaleta kweli, kwa sehemu za kwanza. Lakini tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zimepata wapenzi wengi bila sura hata moja iliyofahamika mtaani kwetu.

Dalili za mabadiliko ya haraka ni chache. Mtayarishaji anayeuza kila sehemu kwa bei ndogo hatalipia mazoezi kwa hiari yake, na madarasa binafsi yanaweza kuongezeka bila ubora kupanda. Mwenye uwezo wa kulisukuma jambo hili ni mnunuzi. Chaneli ziandike siku za mazoezi yenye malipo ndani ya mikataba, na kwenye usaili zimpime kila mtu kwa teki mbili mbele ya kamera kabla ya kuangalia cheti chake au idadi ya wafuasi wake.